Betri ya Tochi Ndani ya Vepu ya Mekanika: Uchambuzi wa Kisa cha Busia

Vitu vililetwa karakanani kwangu, upande wa Uganda, ndani ya mfuko wa sukari: bomba la shaba lenye unene wa kidole gumba, kitufe chake cha chini kimeng'oka, kichwa cha koili kikiwa bado kimekaza kwenye hesi za juu, kopo la betri lililopasuka mdomo, ndani yake mkunjo wa karatasi ya shaba iliyoungua, na betri ya akiba, nzima, ya aina ileile. Aliyevileta ni dereva wa lori wa njia ya Mombasa hadi Kampala. Ni vipande vya vepu, yaani sigara ya kielektroniki, iliyolipuka. Aliyeungua ni mpwa wake, ambaye pia ni tanboi wake. Mzee hakutaka maelezo marefu. "Fundi, niambie nani katuuzia bomu."

Nilimwahidi kupima kila kitu na kumwandikia nilichokiona, kwa sharti kwamba nami niruhusiwe kuwaeleza wengine bila kutaja majina. Jibu fupi nililompa ni kwamba hakuna aliyeuza bomu. Kila mmoja katika mnyororo ule aliuza kitu kinachofaa mahali fulani, kisha vikakutana ndani ya kifaa kisichouliza swali lolote.

Kwa wasiokifahamu kifaa hicho: vepu nyingi zinazoonekana mitaani zina saketi ndani. Saketi hiyo hupima koili (waya unaochemsha majimaji ya kwenye pamba hadi yawe moshi) kabla ya kuipa umeme, hukataa kuwaka ikiona shoti, huzima betri ikishuka sana, na kwa kawaida hukata umeme baada ya sekunde kumi hivi hata kama kidole bado kiko kwenye kitufe. Vepu ya mekanika haina hata kimoja kati ya hivyo. Ni tochi ya kizamani ambayo balbu yake imebadilishwa kwa kipande cha waya uliosokotwa. Betri inaingia ndani ya bomba, ncha ya chanya inagusa pini ya kichwa cha koili, na kitufe cha chini kikibonyezwa kinaunganisha hasi ya betri na bomba. Bomba lenyewe ndilo waya wa kurudishia umeme. Tafadhali lishike hilo la mwisho, maana kisa chote kimekaa hapo.

Wanaozipenda wanasema zina nguvu, hazina cha kuharibika, na zinadumu miaka. Ni kweli. Hata hivyo kazi yote ya saketi inabaki kichwani mwa mwenye kifaa, na kijana wetu aliuziwa bomba bila kuambiwa kwamba kuna kazi ya kufanya.

Kuna jambo la Uganda hapa ambalo haliwezi kurukwa. Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Mei 2016, inapiga marufuku kuingiza, kutengeneza na kuuza sigara za kielektroniki, pamoja na shisha. Sina ugomvi na sheria hiyo. Nikotini ni nikotini, na anayeanza nayo akiwa kijana ataitumikia muda mrefu. Lakini ng'ambo ya mpaka, Kenya, vepu zinauzwa madukani, na kitu kinachoingia mfukoni kinavuka Busia kikiwa mfukoni. Kikishavuka, hakuna duka halali la kwenda kuuliza betri gani inafaa. Betri ikichoka, mwenye kifaa anakwenda kwa watu wanaouza betri zinazolingana kwa macho: wauza tochi.

Ndivyo ilivyokuwa. Kijana alinunua bomba Nairobi kwa mwenzake, likiwa limeshatumika, na betri moja ndani. Betri ile ilipoanza kuisha mapema, alinunua mbili upande wetu, kwa mama anayeuza tochi na taa za sola karibu na soko. Ni betri za saizi ya 18650, yaani milimita 18 kwa upana na 65 kwa urefu. Saizi hii iko kila mahali: kwenye tochi za walinzi, kwenye pawabanki, kwenye betri za kompyuta mpakato, kwenye taa ambazo wavuvi wa Majanji huzitumia usiku kuvutia mukene (dagaa) Ziwa Victoria. Kwa macho zinafanana kama mapacha. Ganda la hizi mbili lilikuwa jekundu, jipya, limeandikwa 9800 mAh, kipimo cha ujazo wa chaji.

Kwa maelezo yake mwenyewe, tangu aweke betri mpya moshi ulikuwa dhaifu kuliko zamani. "Nikawa naikandamiza zaidi, fundi, ndiyo itoe." Siku ya tukio walikuwa kwenye foleni ya malori, upande wa Uganda. Alivuta, akafunga kitufe kwa pete yake ya kufungia, akatia bomba kwenye mfuko wa jaketi, akalitundika jaketi kwenye kiti na kushuka kukagua kamba za turubai. Aliporudi alisikia harufu tamu kama ya rangi ya kucha. Akaingiza mkono mfukoni. Bomba lilimchoma kiganja, akalivuta hivyo hivyo na kulitupa nje ya mlango, na lilipokuwa likiruka kutoka mkononi kitufe cha chini kikafyatuka na moto ukamrukia pajani. Kitufe walikiokota kwenye mchanga. Kwenye mlango wa lori kuna mbonyeo.

Mpaka kisa kinanifikia, kilikuwa na washukiwa watatu. Mzee alishuku chaja. Wenzake wa kijana, ambao wawili watatu wana vifaa kama hicho, walisema ni pini ya juu. Mama wa tochi, alipofuatwa, alisema vepu ni kitu cha haramu na ndiyo malipo yake. Na chini ya hayo yote kulikuwa na lawama ambayo mzee aliirudia kila alipofungua mdomo: huyu mtoto hakufunga kitufe, kimejibonyeza mfukoni.

Chaja nilianza nayo kwa sababu ni rahisi. Ni ile ya kuchomeka ukutani, nafasi mbili, ya bei ya chini. Betri ya lithiamu ya aina hii ikijaa inatakiwa isimame kwenye volti 4.2. Niliijaza betri ya akiba na kuiacha humo usiku mzima. Asubuhi ilisoma 4.23. Si nzuri, na kwa miezi mingi inaifupishia betri maisha, ila haiwezi kulipua kitu siku hiyo hiyo. Tena betri ilikuwa imeshatoka kwenye chaja saa nyingi kabla. Mshukiwa wa kwanza akaachiwa.

Pini ya juu ilistahili muda zaidi, kwa sababu kosa hilo lipo na limeumiza watu. Kwenye mabomba ya aina hii pini ya kichwa cha koili inagusa chanya ya betri moja kwa moja, bila kipande cha kati. Chanya ya betri yenye kichwa bapa imezungukwa na ukingo wa kopo, na kopo lote ni hasi. Pini ikiwa fupi kuliko hesi zinazoizunguka, hesi zinaweza kuikalia chanya na ukingo kwa pamoja, na hapo betri inapigwa shoti kamili pasipo koili kuhusika. Nilipima: pini ya kichwa hiki imechomoza zaidi ya milimita moja na nusu kupita hesi. Uso wake ulikuwa safi, umechakaa kidogo katikati tu. Shoti kamili ingeacha chuma kilichoyeyuka pale. Hakikuwepo.

Halafu nikafungua kichwa chenyewe, na hapo kisa kikageuka. Pamba yote ilikuwa majivu. Koili ilikuwa nzima lakini imebadilika rangi kuwa ya kijivu-buluu kutoka mguu hadi mguu, na plastiki ya kuhami chini ya nguzo ya chanya ilikuwa imelegea kwa joto. Koili haiwi hivyo kwa kuvuta mara mbili au tatu. Umeme ulipita ndani yake kwa muda mrefu mfululizo, pamba ikiwa imeshakauka. Kwa hiyo hapakuwa na shoti iliyoikwepa koili. Kifaa kiliwaka kama kawaida yake, ila hakikuzimika.

Lawama ya mzee ikaonekana kupata nguvu: basi kitufe kilibonyezwa. Nikakichukua kitufe kilichookotwa. Pete ya kufungia ilikuwa bado imezungushwa hadi mwisho, upande wa kufunga, na nilipojaribu kukibonyeza hakikwenda. Kijana alikuwa amefunga.

Sasa, kifaa kilichofungwa kinawakaje? Niliwasha taa ndogo ndani ya bomba. Sentimita mbili hivi chini ya mdomo wa juu kulikuwa na doa jeusi lenye vishimo vidogo, ukubwa wa punje ya mtama, mahali ambapo shaba ilikuwa imeng'atwa na cheche. Nikalichukua kopo la betri, nikalisugua masizi kwa kitambaa, nikalilinganisha kimo: doa lingine, mahali palepale. Ganda la betri liliungua lote kwa hiyo halikuweza kutoa ushahidi, lakini lile la betri ya akiba lilitoa. Ubavuni, kimo kilekile, lilikuwa na mkwaruzo mrefu ulioanza kufunguka. Hesi za mdomo wa bomba zilikuwa na ncha kali. Kila betri ilipoingizwa au kutolewa ilipita hapo na kukwaruzwa.

Rudi kwenye lile nililokuomba ulishike. Bomba ni waya wa kurudishia, na kitufe kazi yake ni kuunganisha hasi ya betri na bomba. Lakini hasi ya betri haiko chini tu. Kopo zima ni hasi, kuanzia kitako hadi begani, na kinacholitenga na bomba ni ganda la plastiki jembamba kuliko karatasi ya daftari. Ganda likichanika ubavuni, kopo linagusa bomba na mzunguko wa umeme unakamilika hapo hapo. Kitufe kimerukwa. Pete ya kufungia inafunga mlango ambao umeme haupiti tena. Kwenye tochi nyingi jambo hilo lingewasha taa tu, na mtu angeona mwanga akashangaa. Hapa liliwasha waya ulio ndani ya jaketi lililotundikwa, hakuna mtu ndani ya kebini.

Hiyo inaeleza kwa nini iliwaka. Haielezi kwa nini ilipasuka, kwa sababu betri nyingine ingeweza kuichoma pamba, kuisha chaji na kubaki ya moto bila zaidi. Hapa ndipo inapoingia ile namba 9800.

Nilichana ganda jekundu la betri ya akiba. Kwenye kitako cha kopo kulikuwa na vidoti viwili viwili vya kulehemu, pamoja na kipande kidogo cha utepe wa nikeli kilichokatwa kwa koleo. Hizo ni alama za betri iliyotolewa kwenye pakiti, kwa kawaida ya kompyuta mpakato, ikavishwa ganda jipya. Niliipima ujazo: ilitoa 1600 mAh kwa tabu. Kwa miaka ambayo nimeshika betri hizi, nzuri kabisa za saizi hii ninazoziona zinaishia 3500 mAh hivi. Anayeandika 9800 ameandika bei, hakuandika ujazo.

Hata hivyo ujazo haukuwa tatizo la kijana, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Kila mtu hutazama mAh, kana kwamba ni kipimo cha nguvu. mAh ni wingi wa maji ndani ya pipa. Kwa vepu ya mekanika kinachotakiwa kuangaliwa ni ampea, yaani betri inaruhusiwa kutoa umeme wa kasi gani bila kujiumiza. Betri za kompyuta mpakato zimeundwa kutoa kidogo kidogo kwa saa nyingi. Ya 2200 mAh kwa kawaida haitakiwi kupita ampea 4 na kitu. Kuna za aina nyingine, zilizoundwa kwa mashine za kutoboa na vifaa vya nguvu: Samsung 25R ina 2500 mAh na inaruhusiwa ampea 20, VTC5A ya Sony, ambayo sasa hutengenezwa na Murata, ina 2600 mAh na ampea 25. Linganisha na Panasonic NCR18650B, betri halali na nzuri kabisa, yenye ujazo wa karibu 3400 mAh lakini isiyofika hata ampea 7. Mara nyingi iko hivyo: kadiri ujazo unavyopanda ndivyo ampea zinavyoshuka. Mnunuzi anayekimbilia namba kubwa ya mAh anajichagulia betri isiyofaa hata pale namba hiyo inapokuwa ya kweli.

Kujua koili inadai ampea ngapi ni hesabu ya kidato cha pili: volti gawanya kwa omu (kipimo cha ukinzani). Tatizo ni kuipata hiyo omu. Mita ya kawaida ya fundi haisomi vitu vidogo hivi. Ukigusanisha nyaya zake zenyewe tayari inaonyesha 0.2 au 0.3. Ukipima koili kwa mita hiyo utapata namba isiyo na maana. Nilipitisha ampea 1 kutoka kwenye pawasaplai ya mezani na kusoma volti kati ya miguu ya koili: 0.14. Kwa ampea 1, hiyo ndiyo omu yake. Sasa gawanya volti 4.2 ya betri iliyojaa kwa 0.14, unapata ampea 30. Hata VTC5A haina nafasi hapo. Koili ile ilikuwa imeshavuka mipaka ya betri yoyote niliyoitaja kabla haijakutana na betri mbovu.

Kwa betri ya kompyuta iliyochoka mambo yanakwenda kwa njia ya ajabu kidogo, na inaeleza ule moshi dhaifu. Betri nayo ina ukinzani wa ndani. Ya akiba ilisoma volti 3.92 ikiwa imetulia. Nilipoipa mzigo wa ampea 2 ikashuka hadi 3.70. Tofauti ya 0.22 kwa ampea 2 ni omu 0.11. Betri nzima ya kutoa nguvu ina sehemu ndogo tu ya hiyo. Kwa hiyo ndani ya bomba palikuwa na koili mbili: moja ya 0.14 inayoonekana, na nyingine ya 0.11 iliyojificha ndani ya betri yenyewe. Kwa volti 4.1, ampea zinakuwa 16 na kidogo. Karibu wati 38 zinakwenda kwenye koili, na wati 30 zinabaki ndani ya betri kama joto. Moshi lazima uwe dhaifu. Na dawa aliyoitumia kijana, kuikandamiza zaidi, ilikuwa inaipika betri kila alipovuta.

Wati 30 ndani ya kitu cha gramu 45 ni nyingi. Kwa makadirio, joto linapanda zaidi ya nusu nyuzi kila sekunde. Kuanzia joto la kebini juani hadi nyuzi 130 hivi, ambapo utando wa plastiki unaotenga chanya na hasi ndani ya betri za aina hii huyeyuka, unahitaji dakika mbili au tatu. Mguso wa doa nao ulikuwa na ukinzani wake, kwa hiyo nisiape kwa sekunde. Lakini chaji ya 1600 mAh kwa ampea 16 inatosha dakika sita, kwa hiyo muda ulikuwepo. Utando ukishayeyuka betri haihitaji tena koili wala kitufe. Inajipiga shoti yenyewe, gesi inatoka kwa nguvu, na inawaka. Bomba lile lilikuwa na matundu mawili ya kutolea gesi, kila moja dogo kuliko kichwa cha kiberiti. Gesi ikatafuta mahali palipo dhaifu zaidi, nayo ilikuwa hesi za kitufe.

Kilichomwokoa kijana, kama neno hilo linafaa kwa mtu aliyeungua kiganja na paja, ni kwamba kilifyatuka kikiwa kinatoka mkononi na si kikiwa mdomoni. Mei 2018 huko St. Petersburg, Florida, mtu alikufa baada ya vipande vya vepu yake ya mekanika kumwingia kichwani. Januari 2019 mwingine, Fort Worth, Texas, alikatwa mshipa mkubwa wa shingo na kipande cha vepu na akafa. Idara ya Zimamoto ya Marekani ilipokusanya matukio yaliyoripotiwa nchini mwao kuanzia 2009 hadi 2016 ilipata 195. Katika 61 kati ya hayo kifaa au betri ya akiba ilikuwa mfukoni. Mfuko wenye funguo na sarafu unaweza kupiga shoti betri iliyo uchi bila vepu kuwepo kabisa, na betri ya akiba ya kijana wetu ilikuwa inasafiri hivyo hivyo, na ufunguo wa sanduku la vyombo vya lori.

Kuhusu kuungua kwenyewe nitasema machache kwa sababu mimi ni fundi. Wenzake walimpaka dawa ya meno. Kinachotakiwa ni kuvua nguo iliyolowa kimiminika cha betri, kumwagilia maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 hivi, na kwenda hospitali huku ukiwaambia waziwazi kwamba ni betri ya lithiamu, kwa sababu palipoungua panaweza kuwa na kemikali pamoja na moto. Moshi wake usivutwe. Una gesi za tindikali. Majeraha makubwa ya moto kwa Kampala yanahudumiwa hospitali ya Kiruddu. Yake hayakufika huko, alitibiwa hapa hapa na kidonda cha paja kimeanza kufunga.

Wenzake walirudi baadaye na swali lao: basi mtu afanye nini ili asifike hapo? Niliwajibu kwa masharti. Anayetaka kuvuta, na nisingemshauri, achukue yenye saketi. Hoja ya kwamba bomba la mekanika haliharibiki ni ya mtu ambaye hajaona linavyoharibika. Anayeng'ang'ania bomba ahesabu kabla ya kununua, na aache nafasi: koili ya omu 0.4 inadai kama ampea 10 na nusu kwa betri iliyojaa, na hiyo betri ya ampea 20 inaibeba bila kutoa jasho. Awe na kipimo cha omu kinachosoma vizuri chini ya 0.5, apime kila anapobadilisha koili. Betri yenye mchano wa ganda, hata wa ukucha, isiingie humo; maganda mapya ya kubana kwa joto ni vitu vya bei ndogo na fundi yeyote wa betri anaweza kuvisha. Mdomo wa bomba usuguliwe ncha zake. Betri za akiba zikae kwenye kikasha cha plastiki. Kikiwa hakitumiki, betri itolewe nje kabisa, maana pete ya kufungia mmeshaiona ilivyofanya kazi yake vizuri na bado haikusaidia.

Mmoja akauliza kama nikimtajia aina ya betri ataipata Kampala. Kuna maduka ya betri, ndiyo. Lakini watengenezaji wenyewe, Samsung na LG wakiwemo, wametangaza kwamba betri hizi hawakuzikusudia ziuzwe moja moja kwa mtumiaji wa vepu, na jina la mtengenezaji kwenye ganda si ushahidi, maana ganda ndilo kitu rahisi zaidi kughushi. Mizani ya jikoni inasaidia kidogo: betri ya kweli ya saizi hii ina gramu 45 hivi, na iliyo nyepesi sana ina uongo ndani. Lakini betri iliyochoka ya kompyuta itapita mtihani huo. Hii ya akiba ilikuwa na gramu 44.

Nilikwenda pia kwa mama wa tochi, kwa sababu mzee alitaka kumshtaki na mimi sikuona kosa hilo. Yeye hununua kwa jumla, zikiwa zimeshavishwa ganda jekundu. Nilimwonyesha vidoti vya kulehemu. Akavitazama muda, kisha akaniuliza, "Sasa unataka nizitupe zote, fundi? Hizi ndizo chakula cha watoto." Nikamwambia hapana. Tochi ya LED ya kawaida inakula ampea moja au chini yake. Kwa kazi hiyo betri hizi ni dhaifu lakini haziko hatarini. Aondoe tu zile zenye ganda lililochanika, na asimuuzie mtu kabla ya kumuuliza anakwenda kuitia wapi. Akicheka akasema wateja wake hawapendi kuulizwa. Lakini nilipopita hapo tena, nilimsikia akimwuliza mvulana aliyeshika betri moja mkononi bila tochi: "Ya kutia wapi hiyo, baba?"

Mzee alilipia upimaji bila kunung'unika. Alichoniomba mwisho, mpwa wake akiwa amesimama pembeni na bendeji mkononi, ni kama naweza kukaza hesi za kitufe na kumtafutia kijana betri ya kweli, "maana pesa imeshaingia humo." Nikakataa. Hesi zilizofyatuka mara moja hazishikilii tena gesi, koili yake haina betri inayoiweza, na kuuza kifaa hicho hapa ni kosa kisheria. Wakachukua chaja yao. Bomba waliniachia, na sasa liko kwenye kabati la karakana pamoja na kopo lake. Vijana wanaojifunza kazi ya betri hupewa vyote viwili na taa ndogo, wakaambiwa watafute mahali vilipogusana.